Mizani Mbili, Chatu Mmoja

Jumapili, 6 Agosti 1972

Leo Padre amenisema mimi. Jina hakulitaja, ila alikuwa ananitazama. Au huenda alikuwa anamtazama mbuzi wa jirani aliyeingia kanisani kwa mlango ulio nyuma yangu. Alisema mtu anayefanya kazi isiyopatana na yale anayoyathamini moyoni huchoka kabla jua halijapanda, na watu wote huchoka naye. Akatuambia kila mtu akajiulize anathamini nini.

Nikashtuka! Mimi Silvesta, karani wa mizani ya kwanza kwenye stoo ya pamba ya chama chetu cha ushirika, nimewauliza watu wa hapa kila kitu. Najua nani aliota nini usiku wa kuamkia harusi yake. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimejiruka.

Nikawaza njia nzima ya kurudi nyumbani. Ninathamini ukweli. Ninathamini utulivu. Ninathamini kivuli. Nilipomweleza mke wangu Generoza, akasema kivuli si kitu cha moyoni, kivuli ni kivuli. Yeye hushona nguo za watu tangu asubuhi hadi jioni huku akiimba, hana nafasi ya kujitafuta.

Lakini kabla ya hayo kulikuwa na pigo. Pale nje ya kanisa Katibu wa chama, Mzee Donatus, alituita mimi na Alois wa mizani ya pili. Akasema msimu unaelekea ukingoni, mizani moja itapelekwa kituo kingine. Itabaki moja na karani mmoja. Yeye hatamchagua mtu, asije akasemwa ana upendeleo. Jumamosi atakuja kutazama foleni, na wakulima wenyewe watakuwa wamechagua. Mwenye foleni ndefu atabaki.

Alois akasema sawa, akaondoka. Ndivyo alivyo. Mtu wa neno moja kwa wiki. Watu humiminika kwake, na saa sita mchana ameshamaliza. Mimi foleni yangu ni fupi, lakini hudumu hadi jioni.

Nikikosa mizani tutarudi Bukombe kulima kwa baba yake Generoza. Generoza ameshasema, na sufuria mbili ameshazifunga kwenye kitenge. Kulima naweza. Lakini kuishi ukweni! Mama mkwe hatazamwi usoni, haulizwi hata amelalaje. Mtu mzima mwenye mambo yake yote yupo pale ng'ambo ya ua, nami nisimuulize hata moja? Nitapasuka.

Jumatatu, 7 Agosti

Nimeamua kuwa mwepesi kama Alois. Hakuna maswali. Gunia juu, soma kilo, andika, gunia chini, mwingine!

Wa kwanza akapita. Wa pili akapita, ingawa alikuwa amevaa koti la mvua na mvua hatujaiona tangu Mei. Nikauma ulimi. Wa tatu, wa nne. Kichwa kikaanza kuniuma upande wa kushoto.

Wa tano alikuwa amefunga kidole gumba cha mguu kwa kitambaa chekundu. Chekundu! Kwa nini chekundu? Nikapima. Nikaandika. Akageuka kuondoka, nami nikamkimbilia na kalamu sikioni.

Kumbe aligongwa na jembe la ng'ombe, akaenda kwa tabibu wa upande wa Ushirombo, akaambiwa kidonda hicho hakipendi kutazamwa, basi kifungwe rangi itakayowafanya watu watazame kitambaa badala ya kidonda. Jambo la akili kweli kweli. Tulilizungumza kwa mapana. Niliporudi, foleni yangu yote ilikuwa imehamia kwa Alois.

Yule mwenye koti sijui hata anakaa wapi. Nimekula ugali bila hamu.

Jumanne, 8 Agosti

Nimemfuata Alois wakati anafunga stoo. Nikamuuliza ana kwa ana yeye anathamini nini katika kazi hii. Akafikiri. Nikasubiri kwa hamu, maana labda ndiyo siri yenyewe. Akasema anathamini kufika nyumbani mapema.

Sikuamini! Hiyo ndiyo tunu ya mtu anayetaka kuninyang'anya mizani? Nikamuuliza nyumbani kuna nini. Akasema kuna nyumbani. Akaondoka.

Nimerudi na uchungu. Lakini jioni nikasikia ngoma upande wa bondeni. Ni Bujiku, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake, anafanya mazoezi na kikundi chake cha wacheza nyoka. Nikasimama njiani. Akili ikafunguka!

Kila mtu hapa ameona mashindano ya ngoma baada ya mavuno. Kikundi cha Wagalu huku, cha Wagika kule, uwanja mmoja, siku moja. Hakuna hakimu wa kutoa alama. Watu wenyewe hukimbilia ngoma inayowavuta, na anayebaki kupiga ngoma peke yake ameshindwa. Sasa foleni mbili za pamba zina tofauti gani na hayo? Hakuna! Katibu ametangaza mashindano ya ngoma bila yeye kujua. Alois ataleta ukimya wake. Mimi nitaleta chatu.

Jumatano, 9 Agosti

Nimekwenda kwa Bujiku. Nilikusudia kukaa kidogo, nikakaa mchana kutwa. Nyoka ni elimu! Nimeuliza chatu anasikia ngoma kwa masikio yapi. Bujiku anasema hana masikio, anaisikia ardhi kwa tumbo. Nimeuliza kama anamjua bwana wake. Anasema anajua joto lake, na akipata joto zuri zaidi humsahau mara moja. Nikamwambia wapo hata watu wa namna hiyo. Akacheka sana, akaniongezea maziwa ya mgando.

Amekubali kuja Jumamosi na ngoma zake na chatu. Pesa hataki. Anataka kuku mmoja mkubwa, apewe chatu kesho, kwa sababu chatu aliyeshiba ni mpole, hubebwa shingoni kama kanga. Mwenye njaa hutembea tembea. Nikasema kuku si tatizo. Kuku ni wa Generoza.

Generoza ameniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia natafuta kazi inayofanana na moyo wangu. Akasema Jumapili nilikuwa kwa Padre, leo nanuka nyoka, moyo wangu una safari ndefu.

Alhamisi, 10 Agosti

Nilimchukua yule kuku mweusi anayetaga, nikamtia kwenye gunia. Mlangoni nikakutana na Generoza. Akauliza ndani ya gunia kuna nini. Nithamini ukweli Jumapili, niukane Alhamisi? Nikasema kuna kuku. Akauliza kuku yupi. Ukweli ukinishika siwezi kusimama katikati. Nikasema yote, hadi chatu.

Alimtoa kuku wake taratibu, akamfuta vumbi, akaingia naye ndani. Kisha nikasikia anafunga sufuria ya tatu.

Nimempelekea Bujiku kijogoo kidogo cha jirani, nilichopewa kwa ahadi ya kumtungia barua. Bujiku alikigeuza geuza, akauliza kama hiki ni cha chatu au ni cha mtoto wa chatu. Nikamwambia chakula ni nia. Hakucheka kama jana.

Ijumaa, 11 Agosti

Lori la kubeba pamba limelala hapa. Dereva ni Ignas, mtu wa Isaka. Nimemuuliza habari za reli. Anasema pale stesheni kuna kazi ya bendera. Mtu anakaa kwenye kibanda chake, treni ikija anatoka, anainua bendera, treni ikipita anarudi kukaa. Nikamuuliza kibanda kina paa. Kina. Watu? Hakuna watu, upepo tu. Utulivu na kivuli mahali pamoja! Nimeliweka moyoni. Lakini kesho kwanza.

Jumamosi, 12 Agosti

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi ilikuwa baridi. Watu walifika na magunia yao, wakayapanga chini kama kawaida. Hapa kwetu mtu hasimami foleni, gunia ndilo linamsimamia. Ukishaliweka nyuma ya la mwenzako unaweza kwenda kunywa uji, kunyoa, hata kuposa, na nafasi ni yako. Nalijua hilo kuliko mtu yeyote, maana nimeshawauliza wengi huwa wanakwenda wapi. Lakini leo sikulikumbuka! Nilikuwa nawaza vichwa.

Saa tatu ngoma ya Bujiku ikaanza nyuma ya mizani yangu. Lo! Watu walikuja mbio. Wakazunguka, wakapiga vigelegele, akina mama wakatupa vitambaa. Bujiku akaingia na chatu shingoni, mnene kama paja langu, na umati wote ukavuta pumzi kwa pamoja. Upande wa Alois hapakubaki mtu. Nilisimama juu ya kiti nikamtazama kwa huruma. Alikuwa anaita jina, mtu anatoka kwenye ngoma, anapokea stakabadhi yake, anarudi kwenye ngoma. Nikamhurumia zaidi.

Katibu akafika. Nikamwonyesha umati kwa mkono wote. Akautazama. Halafu akatazama chini. Mbele ya mizani ya Alois magunia yamejipanga kutoka mlangoni hadi kwenye kisima. Mbele ya mizani yangu kulikuwa na gunia moja, na lenyewe ni langu, nililokuwa nimeweka kiti juu yake.

Akasema, "Silvesta, umewaleta watu. Pamba wameipeleka kwa Alois."

Nikaiona Bukombe. Nikamwona mama mkwe kwa nyuma, anachambua maharage, anacheka jambo ambalo sitalijua kamwe.

Ndipo Bujiku akapiga kelele. Alikuwa ameweka chatu kwenye kapu ili yeye mwenyewe anywe maji. Kapu tupu! Uwanja ulifunguka. Watu walikimbia hadi kwenye ua wa shule, wengine wakapanda lori la Ignas. Alois alikuwa juu ya meza, na bado ameshika kalamu. Magunia yakabaki peke yake chini ya jua, na kila mtu akasema chatu ameingia kwenye mojawapo na yeye hatagusa lake wala la mwenzake. Ignas akapiga honi, akasema asipopakia kabla ya mchana anaondoka na lori tupu.

Mimi sikukimbia. Si ushujaa. Nilitaka tu kujua amekwenda wapi. Chatu hakushiba, hilo nalijua na ni kosa langu. Amesikia baridi. Bujiku aliniambia akipata joto zuri humsahau bwana wake. Sasa joto liko wapi kwenye pamba ya asubuhi? Nikawafuata watu kule uani, nikawauliza mmoja mmoja. Gunia lako ni lipi? Pamba ililala wapi? Uliishindilia kwa miguu au kwa mikono? Nikisema nitalifungua gunia lako nitazame, utaniambia nianzie wapi?

Hapo likatokea jambo la ajabu. Mtu wa kwanza akaninong'oneza kwamba nisilifungue lake hadi chini, kwa sababu juu kuna pamba safi na chini kuna fifi, ile chafu yenye madoa. Wa pili akasema lake lina mawe mawili, ni watoto waliyatia. Wa tatu, yule wa kitambaa chekundu, akasema lake alilimwagia maji kidogo, lakini kwa nia njema. Sikuwauliza hayo! Nilikuwa nauliza habari za chatu. Katibu alikuwa nyuma yangu na masikio yake yote.

Nikafika kwa Bibi Limi, mkulima mzee wa Kisukuma. Mwangaluka, mayu, nikamwamkia, akaitikia. Nikamuuliza pamba yake ililala wapi. Akasema haikulala, aliianika juu ya mwamba wa nyumbani kwake tangu jua linachomoza, akaishindilia bado ya moto ili isipate umande, akaja nayo mgongoni ikimpasha kiuno. Nikamuuliza kiuno kina nini. Akaanza kunieleza, tangu mwaka aliomzaa kifungua mimba. Katibu akakohoa.

Nikamwita Bujiku. Tukafungua gunia la Bibi Limi. Chatu alikuwa humo, amejikunja, kichwa kimelala juu ya pamba safi kabisa. Bujiku akamtoa kwa maneno matamu. Watu wakapiga makofi, wakarudi. Alois akashuka mezani, akaita jina linalofuata.

Katibu akataka kujua nani amenipa ruhusa ya kuleta mnyama kituoni. Kabla sijatunga jibu, Bibi Limi akaweka mkono kiunoni.

"Alois anapima pamba yangu," akasema. "Huyu ananiuliza nimeilimaje. Mwacheni."

Sijui kwa nini macho yaliniuma. Ni vumbi la pamba.

Jumapili, 13 Agosti

Padre leo amesema habari za nyoka wa Edeni. Watu wote waligeuka kunitazama.

Baada ya Misa Katibu akatoa uamuzi. Mizani ni ya Alois. Lakini hakuwa amemaliza. Akasema mwaka huu chama kimelaumiwa kwa fifi iliyofichwa chini ya safi, na hakuna aliyeweza kuikamata, kwa sababu huwezi kumwaga kila gunia. Jana mimi niliikamata pasipo kumwaga hata moja. Kuanzia kesho kazi yangu ni kutembea kwenye foleni, kukaa na wakulima kabla hawajafika kwenye mizani, na kuwauliza. Kuwauliza nini? Akasema lolote ninalotaka, ninalijua mwenyewe.

Tunabaki. Sirudi ukweni. Generoza amefungua kitenge, sufuria zote tatu zimerudi jikoni. Amenipikia yule kuku mweusi. Nilimuuliza kwa nini, na kuku mwenyewe anataga. Akasema leo nile tu, nisiulize.

Jumatatu, 14 Agosti

Kazi mpya. Sina meza. Sina kiti. Sina kalamu ya chama. Kivuli hakuna hata cha kuazima. Mtu wa miaka sita kwenye mizani, leo anatembea juani na kopo la maji!

Nilianza mwanzo wa foleni. Nikamkuta yule wa koti la mvua! Ni koti la marehemu baba yake, aliyemwambia asilivue hadi pamba yote iuzwe, kwa sababu mwaka mmoja alilivua mapema na mvua ikaja. Pamba yake ni safi hadi chini, aliniapia kwa koti. Anayemfuata amelea mapacha na mbuzi mmoja. Anayemfuata alifanya kazi kwenye mgodi wa Geita ulipokuwa bado wazi, akaacha kwa sababu alitaka kujua mchana una rangi gani. Tukakaa juu ya gunia lake. Nikamuuliza sasa mchana una rangi gani, akaniambia.

Nikasikia kengele ya kanisa. Nikadhani ni ya saa sita. Ilikuwa ya jioni! Nimesahau kula. Nimesahau kunywa. Fifi tumeipata kwenye magunia mengi, na wenyewe wamenicheka na kunishika mkono. Sauti imekauka. Miguu haijachoka hata kidogo.

Hii si dalili nzuri. Kazi ya kweli mtu huisikia mgongoni.

Jumatano, 16 Agosti

Jana sikukuu ya Bikira Maria, stoo imefungwa, na mimi sikujua nifanye nini na mwili wangu. Nikaenda kwa Bibi Limi kumalizia habari ya kiuno. Nimefika mwaka aliomzaa mtoto wa nne.

Leo tena siku imepita sijui ilikopita. Nimeketi, nimejichunguza kama Padre alivyoagiza. Ninathamini ukweli, utulivu na kivuli. Utulivu katika kazi hii uko wapi? Watu wananiita huku, wananiita kule, kila mmoja ana jambo. Kivuli hakuna. Na ukweli wenyewe wananiletea bila kuutafuta, hauna jasho. Ni wazi kabisa. Nimepotea. Kazi hii na moyo wangu ni vitu viwili.

Basi nimemtuma Ignas aniombee ile kazi ya bendera Isaka. Kuna nafasi! Mtu aliyekuwa nayo ameacha. Bila shaka nikamuuliza Ignas kwa nini ameacha. Akasema alikuwa mtu mchangamfu, mwenye maswali mengi, na kule kibandani hapakuwa na wa kumuuliza. Mwisho akaanza kuyauliza mabehewa, na treni moja ikapita hajainua bendera. Nimemhurumia sana. Mtu aingie kazini bila kujua moyo wake unataka nini!

Generoza anafunga sufuria. Nimemuuliza za wapi. Akasema za Bukombe, kwa baba yake. Nadhani anataka kuaga kwanza kabla hatujahamia Isaka.